Kambare Katika Sanduku la Kioo

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya samaki mmoja mnayemfahamu sana, yaani kambare. Wengi wenu mmemvua, mmemkaanga na kumla. Na ninyi mkaao kandokando ya Ziwa Viktoria pengine mwamwita mumi. Lakini hatutasema habari za kumla. Twataka kusema habari za kumfuga nyumbani ndani ya sanduku la kioo lililojaa maji, apate kutazamwa na watoto na wageni. Jambo hili lapendeza, nasi tumelifanya wenyewe katika chuo chetu cha walimu. Na kwa kuwa tulilifanya vibaya kabla ya kulifanya vizuri, twadhani tunayo haki ya kuwaonya wengine.

Habari yenyewe ilianza hivi. Mvua za masika zilipokwisha, vidimbwi vya bondeni vilianza kukauka, na wanafunzi wetu wawili wakamkuta kambare mdogo, urefu wake kama kidole cha shahada, akigaagaa matopeni. Wakamwonea huruma, wakamtia katika chupa yenye maji, wakamleta chuoni. Sisi walimu tulifurahi, maana tulikuwa na sanduku la kioo la kufundishia elimu ya viumbe, lenye urefu wa futi 3, na ndani yake hapakuwa na kitu ila majani ya maji na konokono. Tukamtia humo. Hapana hata mmoja wetu aliyeuliza swali moja dogo: Je, mtoto huyu akiisha kuwa mtu mzima, atakuwa na urefu gani? Swali hilo ndilo tutakaloanza nalo leo, maana ndilo lililotuponza.

Wataalamu humwita kambare huyu Clarias gariepinus. Mwingereza mmoja, William John Burchell, aliyesafiri katika nchi za kusini mwa Afrika, ndiye aliyemwandika katika kitabu mwaka 1822 na kumpa jina hilo la pili, ambalo latokana na Gariep, jina la mto mkubwa wa huko uitwao pia Orange. Lakini watu wa Afrika walimjua tangu zamani za kale. Yapata miaka 3,100 kabla ya Kristo palikuwa na mfalme katika nchi ya Misri aitwaye Narmer, na jina lake liliandikwa kwa picha mbili: picha ya samaki wa jamii ya kambare, na picha ya patasi. Basi samaki huyu si wa kudharauliwa, maana amebeba jina la mfalme.

Mtazameni vizuri mtakapompata. Hana magamba hata moja. Ngozi yake ni laini, tena ina utelezi. Kichwa chake ni kipana na kigumu kama kofia ya chuma. Kinywani ana sharubu 8, na sharubu hizo ni mikono yake na ulimi wake pamoja, maana kwazo hupapasa na kuonja chakula gizani. Macho yake ni madogo, wala hayategemei sana, kwa kuwa kazi zake nyingi huzifanya usiku. Katika kila pezi la kifuani mna mwiba mgumu. Mtu amshikaye bila uangalifu hujua habari yake. Na urefu wake je? Kambare wengi wavuliwao mitoni hufika futi 2 au 3, na wako waliopatikana wenye futi 5 na kuzidi, na uzito wa kilo 60. Hao ni wazito kuliko wavuvi wengine waliowavua!

Tena hukua upesi mno. Katika mabwawa ya kufugia, kambare akilishwa vema aweza kufika nusu kilo, pengine hata kilo nzima, kwa miezi 6 mpaka 8 hivi. Wetu hakuwa mvivu katika jambo hili. Alikuja masika akiwa kama kidole. Masika ya pili ilipofika, alikuwa na urefu wa mkono kutoka kiwikoni mpaka ncha za vidole, na ndani ya kioo chetu aligeuka kwa shida, kama mtu ageukaye na mzigo wa kuni katika kichochoro.

Hapo wengine walitufariji wakisema, "Msiwe na wasiwasi. Samaki hukua kwa kadiri ya chombo chake. Akiona mahali ni padogo, atakoma." Maneno haya husemwa mahali pengi, nasi twapenda kuyakanusha waziwazi, maana yamewaua samaki wengi. Samaki hapimi kuta kwa macho yake na kuamua kuwa mfupi. Ikiwa amedumaa katika chombo kidogo, amedumaa kwa sababu maji ni machafu, na mwili wake umeshindwa, kama mtoto anavyodumaa katika nyumba yenye njaa na maradhi. Hapana mtu awezaye kusema kwamba mtoto yule ameamua kulingana na udogo wa nyumba.

Sasa tuseme juu ya maji, na hapa ndipo penye siri yote ya kufuga samaki. Mtu atazamaye maji ndani ya kioo, akiyaona meupe, hudhani ni safi. Sivyo. Kila samaki alapo hutoa taka, na taka iliyo mbaya kupita zote ni sumu iitwayo amonia, isiyo na rangi. Sehemu kubwa ya sumu hiyo hutoka katika matamvua, yaani vile viungo vyekundu vilivyomo ndani ya mashavu ya samaki. Mtoni sumu huchukuliwa na maji yapitayo. Ziwani hutawanyika, isionekane ilikokwenda. Lakini ndani ya sanduku la kioo haina njia ya kutokea. Leo hukutana na ya jana, na kesho huongezwa nyingine, na samaki akaa ndani yake kama mtu aliyefungiwa jikoni penye moshi.

Bahati njema ni kwamba wako vijidudu wadogo sana, wasioonekana kwa macho matupu, ambao kazi yao ni kuigeuza sumu hiyo. Jamii ya kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Jamii ya pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru upesi. Vijidudu hawa hushikamana na mchanga, na mawe, na sifongo iliyomo ndani ya chujio. Lakini hawana haraka. Katika chombo kipya huchukua muda wa wiki 4 mpaka 6 kabla hawajawa wengi wa kutosha. Basi mtu amtiaye samaki mkubwa katika maji mapya siku ile ile afanana na mtu aliyealika harusi kabla ya kuchimba choo. Na mtu aioshaye sifongo ya chujio lake kwa maji ya bomba yenye dawa ya klorini huwaua watumishi wake wote, kisha hushangaa kuona samaki amekufa. Sifongo yafaa ioshwe ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa katika chombo kile kile.

Na nitrati je, haina mwisho? Hiyo huzidi kujikusanya, na dawa yake ni moja tu: kuyatoa maji na kutia mengine. Kwa samaki mkubwa katika kioo, yapasa kutoa robo ya maji kila wiki, na kutia mapya yenye joto lililo sawa na la yale ya kwanza. Maji ya bomba yafaa yaachwe wazi siku nzima ili klorini ipate kutoka; na mahali ambapo mji hutumia dawa nyingine isiyotoka upesi, hapana budi kununua dawa ya kuivunja katika duka la wauza samaki wa kufuga.

Wanafunzi na washike kalamu sasa, tupige hesabu. Tuseme mmenunua sanduku kubwa kuliko letu, lenye urefu wa futi 6, upana futi 2, na kimo futi 2. Mara tatu hizo zikizidishwa hutoa futi 24 za ujazo. Kila futi moja ya ujazo huchukua lita 28 na ushei. Basi sanduku zima huchukua lita 680 hivi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo maji peke yake yana kilo 680, nao ni uzito uliozidi mifuko 13 ya saruji ya kilo 50. Hapana meza ya kawaida iwezayo kuuchukua. Na robo ya maji yale ni lita 170, yaani madebe 8 na nusu ya lita 20, kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe. Sasa jibuni: nani atakayeyachota?

Swali hili si la mzaha. Sisi tulipoanza, maji yalichotwa na wanafunzi kutoka kisimani, na katika miezi ya kiangazi kisima kilipungua. Mpishi wetu alikuja siku moja mbele ya walimu akasema, "Samahanini, waalimu. Samaki wenu ameyaoga maji ya uji wa kesho." Tulicheka, kisha tukaona haya, maana alisema kweli. Yeye afugaye kiumbe cha majini mahali penye uhaba wa maji ajue ya kuwa kila debe la samaki limetoka kichwani mwa mtu. Jambo moja lilitusaidia: maji yale machafu hayamwagwi bure. Nitrati ile iliyo taka kwa samaki ni mbolea kwa majani, na mchicha wetu uliomwagiwa maji ya kambare ulisitawi sana.

Sasa tufike katika jambo lililotudanganya kupita yote. Kambare hana matamvua tu. Nyuma ya kichwa chake, juu ya matamvua, mna vyumba viwili, na ndani yake mna kiungo mfano wa mti mdogo wenye matawi mengi, chekundu kwa damu. Kwa kiungo hicho kambare huvuta hewa hii hii tuivutayo sisi. Hupanda juu, akagubia hewa mdomo mmoja, akashuka tena. Ndiyo sababu aweza kuishi matopeni vidimbwi vikaukapo, na kutambaa usiku juu ya ardhi yenye umande kutoka dimbwi moja mpaka jingine, akijitegemeza kwa ile miiba ya mapezi. Tena ni jambo la ajabu: katika maji yasiyo na hewa ya kutosha, akizuiwa asifike juu aweza kufa maji, ingawa ni samaki!

Nguvu hii ni msaada kwake, lakini ni mtego kwa mfugaji. Mtieni perege katika maji mabaya. Kesho atakuwa amelala ubavu, nanyi mtajua kwamba mmekosa. Kambare hasemi hivyo. Ataendelea kuishi wiki baada ya wiki katika maji ambayo yangewaua samaki wengine wote, nanyi mtajisifu kwamba mwajua kufuga. Sisi tulimwona wetu akipanda juu mara kwa mara, kila baada ya dakika chache, na wanafunzi wakasema, "Tazameni, anacheza!" Tulikubali kwamba anacheza. Baadaye sharubu zake zilianza kufupika kwa kuoza nchani, na tumboni yakatokea mabaka mekundu. Ndipo tulipofahamu: hakuwa akicheza. Hewa ya majini ilikuwa imekwisha, na amonia ilikuwa ikimchoma ngozi isiyo na magamba. Alivumilia miezi mingi, na uvumilivu wake tuliuita afya.

Wasikilizaji, tafadhalini likumbukeni jambo hili hata mkisahau mengine. Kuishi si kuwa na afya. Mnyama mvumilivu ahitaji mwangalizi mwenye macho makali kuliko mnyama mwepesi wa kufa. Zitazameni sharubu zake kila siku: ziwe ndefu na nzima. Itazameni ngozi: isiwe na mabaka wala ukungu mweupe. Hesabuni mara apandazo juu kwa robo saa. Hesabu hiyo ikizidi ghafula, msimsifu kwa mchezo, bali nuseni maji na kuyabadili. Na msikimbilie kutia dawa za maradhi bila kuuliza kwa mjuzi, maana samaki asiye na magamba hudhuriwa na dawa nyingi upesi kuliko wenzake.

Juu ya chakula hatuna maneno mengi, kwa kuwa kambare hachagui. Hula nyungunyungu, konokono, wadudu, dagaa, vyura, mbegu za majani, na kila samaki awezaye kuingia kinywani mwake. Tulijua hivyo, lakini hatukuamini. Tuliwatia perege wadogo 6 wawe marafiki zake. Asubuhi walikuwa 3, na kesho yake hapakuwa na mmoja. Kambare alikuwa amelala chini na tumbo lake limejaa, kama tajiri baada ya karamu. Basi kambare akae peke yake. Akiwa mdogo alishwe kidogo kidogo kila siku; akiwa mkubwa mara 2 au 3 kwa wiki yatosha. Wakati wa kumlisha ni jioni, taa zikizimwa. Kila kilichobaki kiondolewe, maana chakula kiozacho ni amonia ya kesho. Kosa la wafugaji wengi si kumnyima, bali ni kumshibisha mno kwa sababu wageni wapenda kumwona akila.

Chombo chenyewe kisiwe na mawe yenye makali yatakayomkwaruza, wala mawe mazito yaliyosimamishwa juu ya mchanga, kwa sababu hufukua chini yake, na jiwe likianguka laweza kupasua kioo. Wekeni bomba pana la udongo apate kujificha mchana. Joto la maji limfaalo ni nyuzi 25 mpaka 30 za Selsiasi, na katika nchi zetu za joto jambo hilo si gumu. Lakini kifuniko! Kifuniko kiwe kizito, tena kifungwe, na chini yake paachwe nafasi ya hewa. Usiku mmoja wa mvua kambare wetu alisukuma ubao tuliokuwa tumeuweka juu, akatoka. Mlinzi wa usiku alimkuta alfajiri karibu na mlango wa nje, amejaa mchanga, yu hai. Mlinzi alidhani ni nyoka, na rungu lake lilikuwa limekwisha kuinuliwa alipoona sharubu.

Baada ya usiku ule tulifanya mkutano. Mambo yalikuwa matatu: kumla, kumrudisha majini, au kumjengea mahali pengine. Wachache waliweza kufikiri habari ya kumla, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wamekwisha kumpa jina. Wengi walitaka arudishwe, na wanafunzi wawili wale waliomleta wakasema, "Mwalimu, dimbwi letu limekauka, lakini juu ya kilima kuna bwawa la wanakijiji. Tumtie humo, atakuwa na nafasi." Maneno yalionekana kuwa mema. Tukamchukua ndani ya pipa, tukaanza safari.

Pale bwawani tulimkuta mzee mmoja mvuvi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akilitunza bwawa lile na kulea perege humo kwa chakula cha kijiji. Alichungulia ndani ya pipa, akatutazama, akasema, "Walimu wangu, shikamooni kwa elimu yenu. Lakini ninyi mmelea mtoto wa chui, na sasa amekua hamna pa kumlaza. Mwataka kumfungulia katika zizi langu la mbuzi?" Hatukuwa na la kujibu. Tulilirudisha pipa chuoni, tukiwa kimya njia nzima.

Mzee yule alikuwa na haki, na habari za nchi nyingine zamshuhudia. Huko Afrika ya Kusini, mwaka 1975, lilifunguliwa tundu refu chini ya ardhi, lenye kilometa zaidi ya 80, la kupitisha maji kutoka mto Orange mpaka mto uitwao Great Fish. Watu walitaka maji tu, lakini kambare alipita pamoja na maji, akaingia katika mito ya upande ule ambamo hakuwamo tangu asili, akawa adui wa samaki wadogo wa huko wasiomzoea. Katika nchi ya India kambare huyu wa Afrika alipelekwa kwa ajili ya kufugwa, akatoroka na kuingia mitoni. Na mwaka 2000 serikali ya huko ikakataza asifugwe. Angalieni: samaki ni yule yule. Katika mto wake wa asili yu mahali pake, na wenzake wamejifunza kuishi naye. Katika maji ya wengine yu mvamizi. Tena samaki aliyekaa katika chombo pamoja na samaki walionunuliwa mbali aweza kubeba maradhi asiyoonyesha, akayapeleka mtoni. Kwa hiyo hata kumrudisha alikotoka si jambo la kufanya usiku kwa siri. Yafaa kuwauliza kwanza maafisa wa uvuvi.

Basi likabaki jambo la tatu. Tulichimba karibu na bustani, tukajenga birika la saruji lenye urefu wa futi 12 na upana futi 6, kuta zake futi 4, na maji futi 3. Maji hayo ni lita 6,000 na kidogo. Saruji mpya ina chokaa ikaliayo samaki. Kwa hiyo tulilijaza birika, tukaliacha wiki nzima, tukamwaga, na kurudia hivyo mara tatu kabla ya kumtia kambare. Maji tuliyapata kwa mfereji wa bati utokao katika mapaa ya darasa, hata wachukuzi wa maji wakapumzika. Juu tuliweka wavu wa waya wenye nguvu, kwanza kwa ajili ya kambare asitoke, na pili kwa ajili ya watoto wadogo wasianguke ndani. Katika maji mengi namna hii taka hukawia kujaa, nasi hutoa sehemu ndogo tu kila wiki na kuimwagia bustani. Hata viluwiluwi wa mbu hawakupata nafasi humo.

Alipoingia birikani siku ya kwanza, alizama, akatoweka. Tulingoja muda mrefu. Kisha tukamwona akipita chini polepole, moja kwa moja, bila kugeuka, mpaka upande wa pili. Mwanafunzi mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ajua kuogelea." Alikuwa amekaa kwetu zaidi ya mwaka mzima, na hatukuwa tumemwona akiogelea hata siku moja. Baada ya miezi michache sharubu zake zilirefuka tena.

Pengine mtatuuliza, "Je, mwatushauri tusifuge samaki kabisa ndani ya kioo?" La, hatusemi hivyo. Mwaka 1850 Mwingereza mmoja wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyowaweka samaki wawili wadogo ndani ya chombo cha kioo pamoja na majani ya maji na konokono: majani yakitengeneza hewa, konokono wakila majani yaliyooza, na samaki wakiishi kwa amani. Kutokana na majaribio kama hayo watu wengi duniani walijifunza kuweka samaki nyumbani. Lakini kumbukeni kwamba samaki wake walikuwa wadogo. Kwa samaki wadogo kioo ni shamba dogo ambamo kila kimoja humsaidia mwenzake. Kwa kambare kioo ni kitanda cha mtoto. Chamfaa kwa miezi michache, na hapana budi kitanda kingine kiwe tayari kabla ya miguu yake kutokeza.

Kwa hiyo mtu atakaye kumfuga kambare na ajiulize maswali manne kabla hajamtia katika chupa. Nitamweka wapi atakapokuwa na futi 2 au 3? Nani atakayechota maji, na je, amekubali? Nani atakayemwangalia wakati wa likizo? Na siku nitakapochoka naye, nitafanya nini bila kuwadhuru wengine? Mtu aliye na majibu manne amchukue, naye atapata furaha nyingi na elimu nyingi. Mtu aliye na majibu matatu tu amwache kambare matopeni, na amtazame hapo hapo. Mvua ijayo yaweza kumwokoa vizuri kuliko huruma isiyo na mpango.

Wazee wetu walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sisi tulivua nguo bila kuyapima maji, na aliyeumia kwanza hakuwa sisi, bali ni samaki asiyeweza kusema. Ninyi mmesikia, pimeni kwanza.